Fainali ya Mzee Ratemo na Mke wa Mwanawe

Mimi si mwanachama wa Klabu ya Kiangoso, na gofu sijawahi kucheza hata siku moja. Nilikuwa mpishi wao. Lakini nikisikia mtu anaisimulia klabu ile vibaya, damu inanichemka. Juzi kijana mmoja mwenye kofia ya klabu alikaa dukani kwangu hapa Kisii mjini, anakunywa soda, ananieleza mimi, Dahabo, kwamba eti zamani pale palikuwa pa wazungu, kisha pakawa pa wazee walevi, na wanawake wameanza kucheza juzijuzi tu. Ebo! Nikamwambia, "Meza kwanza hiyo soda, mwanangu, maana nikianza kukwambia utapaliwa."

Kiangoso ni kilima cha upande wa Keroka, juu ya barabara ya Kericho. Wazungu wa serikali walikifyeka enzi zao, wakachimba mashimo tisa, wakajenga nyumba ya bati jekundu yenye veranda ndefu. Mwafrika aliruhusiwa kuingia kwa mlango wa jikoni, tena awe amebeba kitu. Mzee Ratemo ndiye aliyeukomesha mchezo huo. Alikuwa mwalimu mkuu na mkulima wa chai, Msabato asiyegusa pombe wala kahawa, na uhuru ulipokaribia walimkubalia uanachama. Siku yake ya kwanza bawabu akamwelekeza jikoni, kwa mazoea tu. Mzee hakugomba. Alisimama mbele ya mlango mkubwa na suti yake, mvua ya Kisii ikampiga, akasimama tu, mpaka waliokuwa ndani wakaona haya wakamfungulia. Haya nilisimuliwa na bawabu mwenyewe, naye kila akisimulia alikuwa akicheka na kujipiga paji la uso.

Baada ya uhuru wazungu wakaondoka mmoja mmoja, na klabu ikabaki kama nyumba ya matanga. Watu wakaanza kupiga hesabu za kuigawa ipandwe chai. Nani angewalaumu? Ardhi ya Kisii ni finyu, mtu anapanda migomba mpaka mlangoni. Mzee Ratemo, ambaye sasa alikuwa kepteni, akawaambia, "Chai tunayo kila mahali. Mahali pa kukaa tukacheka na watu wa ukoo mwingine tunapo hapa tu." Akaleta kondoo wake wakala nyasi badala ya mashine. Akamfuata mume wangu, Gulled, aliyekuwa na malori Keroka, akamwomba oili chafu. Maana pale shimoni hapakuwa na nyasi laini mnazoziona kwenye picha. Palikuwa na mchanga uliochanganywa na oili ya injini ili upepo usiupeperushe, na mfanyakazi aliulainisha kwa kuburuta gunia. Wenyewe wanapaita brauni. Basi kila mpira ulioingia shimoni Kiangoso ulipita juu ya oili ya lori la mume wangu. Na oili ilipofika, na mimi nikafika nyuma yake na sambusa zangu. Ndivyo nilivyopata jiko lile, na wallahi sijaona mahali nilipopapenda hivyo.

Sasa nikupeleke kwa Bonareri.

Bonareri alikuwa muuguzi, ameolewa na Nyangau, mtoto wa Mzee Ratemo, aliyekuwa akifanya kazi Nairobi na kuja nyumbani mwisho wa mwezi. Mke wa afisa mmoja wa kilimo alipokuwa anarudi kwao Uingereza alimwachia fimbo zake, nusu seti, kwenye mfuko wa turubai. Mwingine angezitumia kuangulia mapera. Bonareri akaenda malishoni nyuma ya boma la mkwewe, akaanza kujifunza peke yake, jioni akitoka zamu.

Na hapa lazima nieleze jambo, la sivyo hutaelewa kitu. Wakisii wana adabu wanayoiita chinsoni. Baba mkwe na mke wa mwanawe hawapeani mkono, hawakaribiani, hawatazamani usoni. Si chuki, la! Ni heshima iliyojengewa ukuta. Mzee Ratemo yeye alizidisha, maana hata jina la Bonareri hakulitamka tangu siku ya harusi. Alikuwa "mke wa mwanangu," au baada ya kuzaa, "mama Ombui." Mimi Msomali wa mjini niliona ajabu mwanzoni, lakini nikanyamaza. Na kwetu zipo za kwetu.

Sasa mzee alimwona mke wa mwanawe akipiga mpira malishoni. Alimwona, kwani kilima kile kinafichaje mtu? Hakusema neno. Ila Bonareri aliniambia kwamba baada ya siku chache, kila akifika na mfuko wake alikuta ng'ombe wameshahamishwa na mavi yamezolewa. "Nani anahamisha?" nikamuuliza. "Unadhani nani?" akasema, akacheka huku macho yanamlengalenga, akaniita kwa jina la mwanangu. "Mama Samsam, yule mzee hawezi kunisalimia kwa mkono, lakini ananizolea mavi ya ng'ombe."

Halmashauri ya klabu ilipokubali wanawake wacheze, Bonareri alikuwa wa kwanza mlangoni. Na mwaka huo wa sabini na nne akajiandikisha kushindania Ngao ya Kiangoso. Wanaume wakatabasamu. Walimwachia ajiandikishe jinsi unavyomwachia mtoto ashike usukani wa lori lililozimwa.

Ngao yenyewe ni ya shaba, si kitu. Kitu ni ubao. Verandani kuna ubao wa mninga, na kila mshindi ameandikwa jina lake kwa rangi ya dhahabu, tangu wazungu wa kwanza. Siku moja Bonareri alisimama mbele ya ubao ule na kikombe chake cha chai, akaniambia, "Hospitalini mimi ni sista. Nyumbani ni mke wa Nyangau. Kanisani ni mama Ombui. Mama Samsam, mimi jina langu halijaandikwa mahali ila kwenye cheti cha ubatizo, na chenyewe kimeliwa na mchwa. Nalitaka pale." Akaonyesha kwa kidole. Sikumcheka. Nilimwongezea sukari.

Na mwingine aliyeutamani ubao ule ni mzee mwenyewe. Kepteni mwaka baada ya mwaka, ameiokoa klabu kwa kondoo wake, lakini ngao hajawahi kuipata. Alifika fainali, akashindwa. Akafika tena, akashindwa tena. Sasa goti lilikuwa limeanza kumsumbua, na kila mtu alijua mwakani hatapanda kile kilima.

Katibu wa klabu alikuwa Nehemiah, mtu mwembamba wa sheria, anayetembea na kitabu cha kanuni kwapani kama mchungaji. Yeye ndiye aliyepanga nani acheze na nani. Kwa heshima akaona hawezi kuwakutanisha mtu na mke wa mwanawe. Akamweka mzee upande huu wa mchujo, Bonareri upande ule kabisa, akajipongeza. Loo, Nehemiah! Waliotenganishwa hivyo wana mahali pamoja tu pa kukutana, napo ni fainali. Nilipomwuliza baadaye kama hakuliona hilo, alisema aliliona. "Lakini nilijua hatafika, mama Samsam." Nikamwambia basi ameze maneno yake.

Bonareri akamtoa meneja wa kiwanda cha chai. Akamtoa Momanyi, mfanyabiashara wa Magwagwa aliyekuja na fimbo mpya zinazong'aa. Akamtoa bingwa wa mwaka uliopita, ambaye alirudi nyumbani bila kula sambusa. Na upande wa pili mzee anachechemea na goti lake, anashinda, anashinda. Mpaka siku moja watu wakatazama karatasi ukutani. Yamebaki majina mawili, na yote ni ya boma moja.

Kilima chote kikawaka. Walisema mwanamke huyu anataka kumshindania baba mkwe mbele za watu, haya gani hiyo? Nehemiah akaja jikoni kwangu, akamkuta Bonareri, akamshauri kwa sauti ya upole kwamba augue. Siku moja tu, mafua kidogo. Tena akafungua kitabu chake: kwa kanuni za klabu, mchezo hauhesabiwi kuwa umekwisha mpaka wachezaji wawili washikane mkono kwenye shimo la mwisho. Kanuni hiyo iliwekwa na wazungu baada ya wawili wao kutukanana. Bila mkono, hakuna mshindi. "Na mkono hamtapeana," akasema. "Basi ya nini kuhangaika?"

Bonareri alikaa juu ya gunia langu la vitunguu akalia. "Nikicheza, mimi ni mkosa adabu. Nisipocheza, mimi si kitu," akasema. "Na yule mzee nampenda kuliko baba yangu, Mungu anisamehe."

Mimi hasira ikanipanda. Nikavua aproni, nikamfuata Mzee Ratemo mpaka kwake, nikamkuta kwenye shamba lake la chai. Nikamwuliza waziwazi, "Mzee, wewe wasemaje?"

Akafikiri. Halafu akasema, "Nikijitoa, watasema mzee alimwachia, na ushindi wake utakuwa wa huruma. Akijitoa yeye, watasema nilimtisha. Njia iliyobaki ni kucheza. Lakini mama Samsam, nitatembeaje naye kilima kizima? Nitamwambiaje 'sasa ni zamu yako'?"

"Utaniambia mimi," nikasema. "Mimi si Mkisii, si mkwe wa mtu hapa. Nitatembea katikati."

Mzee akacheka mpaka akashika goti. "Kumbe ndiyo maana walisema mgeni njoo, mwenyeji apone."

Nehemiah alitafuta kwenye kitabu kanuni ya kunizuia, hakuipata. Fainali ikawekwa Jumapili mchana, maana Wasabato hawachezi Jumamosi na Wakatoliki asubuhi wako misani. Watu walikuja kutoka Nyamarambe, kutoka Magwagwa, watu wasioijua gofu wala hawaitaki. Walikuja kuona aibu. Na mimi katikati na buibui langu na viatu vya mvua vya Gulled. Mzee upande wa kulia, Bonareri upande wa kushoto, na kati yao nafasi ya kutosha ng'ombe na ndama wake.

"Mwambie mke wa mwanangu aanze," anasema mzee, kwa sauti inayosikika mpaka barabarani.

"Bonareri, anza," nasema mimi.

"Mwambie baba nashukuru. Na umwambie asinihurumie."

"Mzee, anasema usimhurumie."

"Mwambie sijawahi kumhurumia mtu anayetaka kuchukua ngao yangu!"

Watu wakacheka. Nakwambia, kicheko kile ndicho kilichoiokoa siku. Waliokuja kuona aibu wakaanza kuona mchezo. Kwenye gofu hii kila shimo lina mwenyewe: anayelimaliza kwa mapigo machache ndiye amelichukua. Mzee akachukua la kwanza. Bonareri akachukua mawili kwa mkupuo. Alipiga mpira mmoja ukapaa juu ya mikaratusi, ukatua karibu na bendera, na mzee akajisahau akapiga makofi, kisha akakumbuka, akanigeukia: "Mwambie hilo lilikuwa pigo." Nikamwambia. "Mwambie baba ni malisho yake yaliyonifundisha," akajibu, na mzee akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Alikaa na kamba ile muda mrefu sana.

Sikuwa na upande, wallahi. Mjumbe hana upande. Lakini moyo wangu ulikuwa umegawanyika kama chapati. Yule mzee anapanda kilima kwa goti bovu, jasho linamtiririka, hajasema "nimechoka" hata mara moja. Na yule binti anafuta mikono kwenye nguo kila baada ya pigo, ila ikishika fimbo inatulia. Niliwatazama nikasema moyoni, heshima si utumwa. Watu hawa wawili wanaheshimiana kuliko sisi tunaoshikana mikono kutwa.

Walifika shimo la tisa wakiwa sawasawa. Na mvua ya Kisii, ambayo haikosi miadi ya alasiri, ikashuka. Hakuna aliyekimbia. Watu wakajifunika majani ya migomba wakabaki.

Mipira yote miwili ilikuwa juu ya brauni, mapigo yao sawa, kila mmoja amebakiza pigo la kumaliza. Wa mzee ulikuwa mbali zaidi kidogo, kwa hiyo yeye anaanza. Sasa oili na maji havipatani. Mvua ikinyesha, maji yanakaa juu ya ule mchanga na mpira unateleza. Mzee alipiga pigo zuri, wala hakukosea mwelekeo, lakini mpira ukateleza, ukagusa ukingo wa shimo, ukapita. Watu wakaguna. Mzee akafunga macho. Nilijua anaaga ule ubao.

Akausogelea, akaumalizia. Kisha akarudi nyuma kabisa, akavua kofia kwenye mvua. "Mwambie mke wa mwanangu," akasema, na sasa sauti ilikuwa ndogo, "ameona mpira wangu ulivyokimbia. Apige taratibu."

Nikageuka kumwambia, lakini Bonareri alishasikia. Alikuwa anatikisa kichwa. "Mwambie baba..." akaanza, kisha akainama. Akaupiga taratibu, kama anayemgusa mtoto mchanga. Mpira ukaenda polepole, nikadhani utasimama. Haukusimama. Ukaingia.

Sikusikia kelele za watu. Nilimwona Nehemiah tu, anakuja na kitabu chini ya mwavuli. "Mkono," akasema. "Bila mkono mchezo haujaisha." Nilitamani kumpiga na kiatu cha Gulled.

Mzee Ratemo akamtazama kana kwamba ni inzi. Akaishika fimbo yake kwenye kichwa cha chuma, akainyoosha mbele, upande wa mshikio ukaelekea kwa Bonareri. Ilivuka nafasi yote iliyokuwa kati yao, ikapita mbele ya tumbo langu. Bonareri akaushika mshikio kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo. Fimbo ikatikiswa juu, chini, juu, chini. "Kitabu chako kinasema urefu wa mkono uwe kiasi gani?" mzee akauliza. Nehemiah akakifunga kitabu.

Ningeishia hapo ungesema hadithi nzuri. Lakini bado jina.

Tulirudi verandani, watu wanachuruzika maji, mimi na sinia la chai. Nehemiah akapanda kwenye kiti na chaki, amwekee fundi wa rangi alama ya mahali pa kuandika. Klabu ilikuwa na desturi ya zamani: mwanamke, hata kwenye daftari la wageni, huandikwa kwa jina la nyumba ya mumewe. Nehemiah akainama, akamnong'oneza mzee, lakini mimi nilikuwa pale pale na masikio yangu: "Mzee, nitaandika Ratemo. Ndiyo desturi. Na baada ya miaka yote hii, jina lako litakuwa juu. Hakuna atakayeuliza."

Nikamwangalia Bonareri. Alikuwa amesikia. Alitazama viatu vyake vyenye tope. Mke wa mwana angesema nini? Nikahisi sinia linanilemea.

Mzee aliutazama ule ubao jinsi alivyoutazama miaka yote, na usinidanganye kwamba hakutamani. Alitamani.

"Nehemiah," akasema kwa sauti, veranda nzima ikageuka. "Ratemo ameshindwa. Watu wote hawa wameona. Ukiandika Ratemo pale, wajukuu wangu watasoma kwamba nilishinda, nami nitakuwa nimemwibia mtu wa nyumbani kwangu."

"Basi niandike nani, mzee?"

Hapo ndipo penyewe. Mzee akanigeukia mimi. Mchana kutwa nilikuwa mdomo wake, na sasa aliningoja nilitamke. Jina lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Na mimi Dahabo, ambaye mama yangu alisema nilizaliwa nikiongea, nikafunga mdomo. "Kazi yangu iliishia shimo la tisa, mzee," nikamwambia.

Mvua ilikuwa inapiga bati. Mzee akaushika mguu wa kile kiti alichosimamia Nehemiah, kana kwamba yeye ndiye angeanguka. Hakumtazama mke wa mwanawe. Aliutazama ubao.

"Bonareri," akasema. "Andika Bonareri."

Bonareri akapita mbele yangu haraka, akaingia jikoni. Nilipomfuata nilimkuta amesimama karibu na jiko, maji yanamtiririka, sijui ya mvua sijui ya machozi. Akanishika mkono, akaubana mpaka pete ikaniuma.

"Umesikia?" akaniuliza.

"Nimesikia, mama. Kilima kizima kimesikia."

"Amelitaja mara mbili," akasema.